Jinsi ya Kuchagua Chuo cha Urubani wa Helikopta Nje ya Nchi

Mtu anayetaka kuufanya urubani wa helikopta kuwa kazi yake ya maisha mara nyingi huanza kutafuta chuo kwa kulinganisha bei ya saa moja ya kuruka, kisha huvutiwa na picha za helikopta zinazong'aa juu ya bahari au milima yenye theluji. Ukianzia hapo utapotea mapema. Kabla ya kutazama chuo chochote, kuna maswali mawili unayopaswa kuyajibu: ni mamlaka ipi ya usafiri wa anga itakayoitambua leseni utakayopata, na ni nani atakayekuwa tayari kukuajiri ukiwa na saa 200 tu katika kitabu chako cha kumbukumbu za kuruka? Ukiyajibu maswali hayo kwa ukweli, vyuo vingi vitaanguka vyenyewe kutoka kwenye orodha yako, na vitakavyobaki ndivyo vinavyostahili muda wako.

Lipo jambo moja linalotangulia hata hayo, nalo ni afya. Fanya uchunguzi wa daktari wa anga wa daraja la kwanza kabla hujalipa hata ada ya maombi. Nchini Marekani rubani wa biashara huruhusiwa kuruka akiwa na cheti cha daraja la pili, lakini nchi nyingi nyingine hudai cha daraja la kwanza, na tatizo la kutofautisha rangi, la usikivu au la moyo likigundulika baada ya mafunzo, hakuna chuo kitakachokurudishia fedha zako kwa sababu hiyo. Pima kwa viwango vya nchi unayokusudia kufanyia kazi, si kwa vya nchi utakayosomea pekee.

Leseni ya nani?

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka kiwango cha chini cha leseni ya biashara ya helikopta kuwa saa 150 za kuruka, au 100 kwa anayesoma kozi iliyoidhinishwa. Juu ya kiwango hicho kila nchi imejiwekea masharti yake, na hapo ndipo tofauti kubwa zinapojitokeza. Kanada hutoa leseni ya biashara kwa mwanafunzi aliyemaliza saa 100 za mafunzo ya helikopta. Marekani, chini ya mamlaka yake iitwayo FAA, hutaka saa 150 kwa anayefuata kanuni za Sehemu ya 61, yaani asiyesoma kwa mtaala ulioidhinishwa, na ina kanuni nyingine, za Sehemu ya 141, kwa chuo ambacho FAA imekiidhinisha pamoja na mtaala wake. Nchi zinazofuata kanuni za EASA, shirika la usalama wa anga la Umoja wa Ulaya, hutoa leseni hiyo kwa saa 135 kwa anayesoma kozi moja ya mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho, na saa 185 kwa anayesoma kwa hatua, kwanza leseni ya binafsi, kisha saa za kujijengea uzoefu, kisha kozi ya biashara.

Usidanganyike kwamba tofauti yenyewe ni ya saa tu. Mtihani wa nadharia wa leseni ya biashara ya Marekani ni karatasi moja ya maswali 100, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Kwa EASA kuna masomo 13. Kila somo lina mtihani wake, alama ya kufaulu ni asilimia 75, na yote yanapaswa kukamilika ndani ya miezi 18 tangu ulipofanya wa kwanza. Kwa hiyo aliyesomea Marekani kwa sababu ni haraka, kisha akataka kufanya kazi Ulaya, atalazimika kurudi darasani kwa miezi mingi, kufanya mitihani yote ya nadharia na kupimwa upya angani. Uingereza nayo, tangu Januari 2021, imejitenga na mfumo wa EASA na hutoa leseni yake yenyewe, hivyo chuo kilichoko huko hakikupi tena njia ya moja kwa moja ya kuingia Ulaya bara.

Njia ya kujikinga ni rahisi, na inashangaza jinsi watu wengi wanavyoiruka. Iandikie barua mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi unayotaka kufanyia kazi, uitaje leseni unayofikiria na nchi itakayoitoa, kisha uliza: Je, mnaitambua? Nitafanya mitihani ipi? Mnadai saa ngapi kwenye helikopta ya aina gani, na kumbukumbu zangu za mafunzo zithibitishwe na nani? Subiri jibu la maandishi. Neno la mwakilishi wa mauzo wa chuo kwamba leseni yao "inakubalika dunia nzima" halina uzito wowote mbele ya ofisa wa leseni, kwa kuwa hakuna leseni ya namna hiyo. Kila nchi huamua yenyewe kama itaithibitisha leseni ya nchi nyingine, itaibadilisha, au itaikataa.

Lugha nayo imo katika hesabu hii. ICAO hupima Kiingereza cha marubani kwa ngazi, na ya nne ndiyo ya chini kabisa inayokubalika kwa safari za kimataifa. Anayeishia hapo hupimwa tena baada ya miaka mitatu, wa ngazi ya tano baada ya sita, na wa ngazi ya sita hapimwi tena. Kama Kiingereza chako cha redioni bado kinasuasua, kinoe ukiwa nyumbani ambako ni bei nafuu, kwa sababu saa ya helikopta inayopotea kwa kutoelewana na mwalimu hulipiwa kama nyingine yoyote.

Saa 200 na mlango wa kwanza wa ajira

Rubani mpya wa helikopta ana leseni halali lakini hana anayemtaka. Kampuni za utalii wa anga, za uokoaji na za kuhudumia visima vya mafuta baharini kwa kawaida hutafuta watu wenye saa 1,000 au zaidi, na bima zao ndizo mara nyingi zinazoshikilia kiwango hicho. Pengo lililopo kati ya saa 200 na 1,000 ndilo linalowamaliza wengi, na chuo bora ni kile kinachokupa njia halisi ya kulivuka.

Marekani njia iliyozoeleka ni kuwa mwalimu katika chuo kilekile ulichosomea. Hapa pana kanuni ambayo kila mwanafunzi wa kigeni anapaswa kuijua kabla ya kutia saini. Kutokana na ajali za miaka ya nyuma, mwaka 1995 FAA iliweka masharti maalumu kwa helikopta za Robinson R22 na R44, ambayo marubani huyataja kwa jina la SFAR 73. Kwa masharti hayo, mwalimu wa R22 lazima awe na saa 200 za helikopta, na angalau 50 kati ya hizo ziwe ndani ya R22 yenyewe. Sasa fikiria mwanafunzi aliyenunua kozi inayotangazwa kuwa ya bei ya chini kwa sababu inaishia saa 150. Ana leseni ya biashara, pengine hata cheti cha ualimu, lakini haruhusiwi kufundisha katika helikopta inayotumiwa na vyuo vingi, na saa 50 zilizosalia atazinunua kwa fedha ambayo hakuipangia. Vivyo hivyo kwa aliyesoma saa zake zote kwenye aina nyingine kisha akaenda kuomba kazi penye R22. Uliza, na usiridhike mpaka ujibiwe kwa tarakimu: nikimaliza kozi hii nitakuwa na saa ngapi kwa jumla, ngapi kati yake zikiwa za R22, na je, zinatosha kunifanya mwalimu hapa?

Swali la pili ni la viza, na ndilo linalozima ndoto nyingi. Nchini Marekani vyuo vingi vya helikopta hupokea wageni kwa viza ya M-1, ambayo ni ya mafunzo ya ufundi. Viza hiyo humruhusu mhitimu kufanya kazi ya mazoezi kwa mwezi mmoja kwa kila miezi minne aliyosoma, na kamwe isizidi miezi sita. Vyuo vichache, hasa vilivyoungana na vyuo vya elimu ya juu, hupokea wanafunzi kwa viza ya F-1 inayoweza kumpa mhitimu hadi miezi 12 ya kazi, na mwenye M-1 haruhusiwi kubadilisha kwenda F-1 akiwa ndani ya nchi. Miezi sita ya kufundisha haimfikishi mtu kwenye saa 1,000. Miezi 12 katika chuo chenye wanafunzi wengi inaweza kumfikisha karibu sana. Viza ya J-1, ambayo zamani iliwapa wanafunzi wa urubani muda mrefu zaidi, ilifungwa kwa mafunzo ya urubani mwaka 2010, kwa hiyo chuo kinachoitaja kama njia iliyo wazi hakistahili imani yako. Zaidi ya viza, raia wa kigeni lazima aombe kibali cha usalama kutoka TSA, idara ya usalama wa usafiri ya Marekani, achukuliwe alama za vidole, na kibali hicho kitoke kabla ya mafunzo kuanza.

Kanada hali ni tofauti. Huko si kawaida kwa rubani mpya kuanza na ualimu. Huajiriwa kwanza kazi za chini, kuosha helikopta, kujaza mafuta, kupakia mizigo, na hupewa saa za kuruka kidogokidogo kadiri anavyoaminika. Kwa mgeni ambaye kibali chake cha kazi kina kikomo, subira hiyo inaweza kuwa ghali kuliko mafunzo yenyewe. Kwa maoni yangu, mtu mwenye ahadi ya ajira nyumbani, iwe jeshini, polisi au katika kampuni, anaweza kuchagua kozi fupi na nzuri bila kujali ualimu. Asiye na ahadi yoyote achague chuo kwa kuangalia kwanza kazi ya baada ya kuhitimu, na mengine yote yafuate.

Mashine utakayojifunzia

R22 ni helikopta ya viti viwili yenye uzito wa juu unaoruhusiwa wa kilo 622, na ikiwa tupu ina takriban kilo 400. Kinachobaki ni kilo zipatazo 220 za kugawana kati yako, mwalimu wako na mafuta. Kila kiti kina kikomo cha kilo 109, pamoja na mzigo uliowekwa chini yake. Mwanafunzi mwenye kilo 95 akiketi na mwalimu mwenye kilo 90 atalazimika kuruka na mafuta machache, na siku ya joto kali uwanja ukiwa juu ya mwinuko, huenda asiruke kabisa. Chuo kitamhamishia kwenye R44, yenye viti vinne, ambayo bei yake kwa saa ni kubwa zaidi. Pima uzito wako kwa uaminifu ukiwa umevaa nguo na viatu, kipelekee chuo tarakimu hiyo, na uombe bei inayoihusu.

Mapanga makuu ya R22 ni mepesi, kwa hiyo injini ikikata nguvu mzunguko wake hushuka upesi mno, na rubani hana budi kuteremsha papo hapo mkono wa kolektivu, ule unaopandisha na kushusha helikopta. Wapo wanaoiogopa kwa sababu hiyo. Mimi naona kwamba, chini ya mwalimu makini, inajenga mikono yenye nidhamu, ila nidhamu hiyo haiji ikiwa chuo kinafundisha otoroteshoni, yaani kushuka bila nguvu ya injini, kwa kurudisha nguvu kila mara kabla ya kugusa ardhi. Uliza kama wanafunzi wa kozi ya ualimu hufikishwa hadi chini kabisa.

Vyuo vingi vya Ulaya hutumia Guimbal Cabri G2, mashine ya Kifaransa yenye mapanga matatu, iliyoidhinishwa na EASA mwaka 2007. Ni mashine tulivu zaidi, lakini mapanga yake yakitazamwa kutoka juu huzunguka upande wa saa, kinyume na Robinson. Anayeongeza nguvu kwenye Cabri husukuma kanyagio la kulia; kwenye Robinson husukuma la kushoto. Miguu iliyozoea upande mmoja huhitaji muda kuzoea mwingine, kwa hiyo jua waajiri unaowalenga wanarusha nini.

Idadi ya helikopta ni muhimu kuliko upya wake. Marekani, helikopta inayotumiwa kufundishia kwa malipo hukaguliwa kila baada ya saa 100, na R22 hurudi kufanyiwa matengenezo makubwa ikifika saa 2,200 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Chuo chenye helikopta moja husimama kila inapoingia karakana, na wewe unaendelea kulipa kodi ya nyumba huku viza yako ikihesabu siku. Uliza kila mashine imebakiza saa ngapi, na fundi ni wa chuo au huitwa kutoka mbali.

Nenda ukaone

Kama kuna uwezekano wowote, tembelea vyuo viwili au vitatu kabla ya kuamua, na ulipie saa moja ya kuruka katika kila kimoja. Gharama ya safari hiyo ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya kukosea. Ukifika, usikae ofisini. Tazama ubao wa ratiba: je, safari nyingi zimefutwa, na kwa sababu ya hali ya hewa au ya mashine mbovu? Simama karibu mwanafunzi anapokagua helikopta kabla ya kuruka, uone kama anafuata orodha ya ukaguzi au anaizunguka tu mara moja na kupanda. Kisha subiri wanaporudi. Mwalimu mzuri huketi na mwanafunzi wake, humwachia kwanza yeye aeleze wapi alikosea, huchora mkondo wa upepo kwenye karatasi, na huandika kitakachofanywa kesho. Mwalimu aliyechoka hutia saini kitabu akiwa amesimama, jicho moja likimtafuta mwanafunzi anayefuata. Dakika hizo 20 za baada ya safari zitakueleza mengi kuliko tovuti nzima ya chuo.

Zungumza na wanafunzi bila mwalimu kuwapo. Waulize wanaruka mara ngapi kwa wiki, wamebadilishiwa mwalimu mara ngapi, na waliotangulia sasa wanafanya kazi wapi. Uliza pia wastani wa saa ambazo wahitimu hutumia hadi kupata leseni, kwa kuwa ni wachache sana wanaomaliza kwa kiwango cha chini cha sheria. Rekodi za ajali ziko wazi: NTSB ya Marekani na AAIB ya Uingereza, taasisi zinazochunguza ajali za ndege, huchapisha ripoti zao, na unaweza kutafuta kwa namba ya usajili wa helikopta. Ajali moja haitoshi kukihukumu chuo. Soma ripoti uone kama sababu zinajirudia.

Kuhusu hali ya hewa nitasema machache. Anga safi mwaka mzima hukumalizia kozi haraka, lakini rubani aliyefunzwa chini ya jua tu hupungukiwa na uamuzi wa kugeuka nyuma mawingu yanaposhuka. Mahali penye siku nyingi za kuruka na majira yanayobadilika ndipo pazuri.

Fedha

Tarehe 3 Februari 2008 kampuni ya Silver State Helicopters, iliyokuwa na makao yake Nevada na matawi katika majimbo mengi ya Marekani, ilifunga milango ghafla na kuomba ufilisi. Wanafunzi zaidi ya 2,000 waliachwa njiani, na wengi wao walikuwa wamechukua mikopo ya takriban dola 70,000 iliyolipwa kwa chuo mapema. Mafunzo yalikoma, madeni hayakukoma. Kisa hicho kinanisumbua hadi leo, kwa sababu chuo kilikuwa kikubwa, chenye helikopta nyingi na jina linalojulikana, na hakuna mwanafunzi ambaye angeweza kujua kwa kutazama tu.

Kwa hiyo usilipe kozi nzima kwa mkupuo, hata ukipewa punguzo linalovutia. Weka akiba ya saa chache katika akaunti yako ya chuo, ongeza inapopungua, na usiruhusu izidi kiasi unachoweza kukipoteza bila mafunzo yako kufa. Kama chuo kinadai amana ili kikupe hati za viza, mkataba uandike wazi amana hiyo inarudishwa lini na baada ya siku ngapi, hasa viza ikikataliwa. Lipa kwenye akaunti ya chuo chenyewe, kamwe si ya mtu binafsi wala ya wakala, na tunza kila risiti.

Bei ya saa unayotajiwa ni sehemu tu ya gharama. Uliza kama inajumuisha mafuta, mwalimu, kodi na ada za kutua. Uliza mita huanza kuhesabu lini, kwani nyingine huanza injini inapowashwa na nyingine mkono wa kolektivu unapoinuliwa; ukipasha injini na kuipoza kila siku kwa mwaka mzima, tofauti hiyo ni fedha nyingi. Ongeza maelezo ya darasani yanayotozwa kwa saa, ada ya mtahini, ada ya kurudia mtihani, vifaa vya masikioni vya kuzungumzia redioni, vitabu, bima ya afya, na kiasi ambacho bima ya helikopta itakudai wewe ikitokea ajali. Juu ya jumla hiyo weka robo nyingine, kisha weka kando nauli ya kurudi nyumbani na usiiguse. Kozi za kubeba mizigo kwa kamba, miwani ya kuonea usiku au injini za tabini zinazouzwa pamoja na kifurushi zisikuvute mapema. Saa chache za ujuzi huo hazimsaidii sana mtu ambaye bima ya mwajiri haimruhusu kuutumia.

Kabla ya kutia saini, hakikisha pia kwamba idhini za chuo zipo kweli, kwa kuzitafuta kwenye orodha za mamlaka yenyewe na si kwenye cheti kilichotundikwa ukutani. Chuo cha Sehemu ya 141, ili kiendelee kushikilia idhini yake, lazima wanafunzi wake wafaulu angalau asilimia 80 ya mitihani yao katika jaribio la kwanza, kwa hiyo kina takwimu hizo na hakina sababu ya kukunyima.

Siku ya kuondoka, dai nakala kamili ya kumbukumbu zako za mafunzo, zikiwa na saini na muhuri, na kitabu chako cha kuruka kikiwa kimehakikiwa ukurasa kwa ukurasa. Chuo cha Sehemu ya 141 hulazimika kuzitunza kumbukumbu hizo kwa mwaka mmoja tu baada ya kuhitimu kwako. Iombe pia mamlaka iliyotoa leseni iithibitishe moja kwa moja kwa mamlaka ya nchi unayokwenda kufanyia kazi, na uanze maombi hayo ukiwa bado huko, ambako ofisi zao zinafikika na walimu wako bado wanakukumbuka.